Kila mtoto asikilizwe: hatua za kuinua madrasa ya mtaani

Assalamu alaykum. Somo hili ni la mudiri (mkuu wa madrasa), ustadhi na wanakamati wa madrasa zetu za jioni, zile za baada ya Alasiri mpaka karibu na Magharibi, watoto wakiwa wametoka shule na njaa iko tumboni. Mengi yanatajwa kila tunapozungumzia kuinua kiwango: majengo, sare, kompyuta. Mimi huuliza swali moja kwanza. Wiki hii, kila mtoto amesikilizwa peke yake mara ngapi? Qur'ani hutoka kinywani mwa mwalimu, ikaingia sikioni mwa mwanafunzi, kisha lazima irudi sikioni mwa mwalimu. Safari hiyo ya kurudi ndiyo inayokatika.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya dakika

Una dakika 90 na watoto 40. Ukizigawa, kila mmoja anapata dakika mbili na robo, hapo hujaita majina wala hujasoma dua. Ndiyo maana ustadhi hukimbilia kusomesha kwa kuitikia: anasoma, darasa zima linapokea. Kuitikia ni kuzuri kwa kufungua somo, lakini hakupimi chochote. Mtoto dhaifu hujificha ndani ya sauti za wenzake, anafungua na kufunga mdomo tu, na anaweza kufika sura ya Al-Bayyina bila mtu kugundua kwamba hatambui shada, alama ya kukaza herufi. Andika dakika zako zinakokwenda kwa wiki nzima. Usibadilishe kitu kabla ya hapo.

Hatua ya 2: Wagawe kwa kiwango, umri uache

Mafungu matatu yanatosha: wa irabu (wanaojifunza herufi na alama zake), wa Juzuu Amma (juzuu ya mwisho yenye sura fupi), wa msahafu (wanaosoma Qur'ani nzima). Mtoto wa miaka 12 aliyechelewa kuanza akae na wa irabu, ila mpe sehemu yake ya kukaa na kazi ya heshima asione haya.

Hapa turudi kwenye desturi ya vyuo vya Qur'ani vya pwani, ambapo wakubwa waliwasomesha wadogo. Chagua wa msahafu wanne, kila mmoja apewe watoto watano au sita. Sharti ni mawili. Msaidizi asikilizwe yeye kwanza somo analokwenda kulifundisha, maana kosa lake litazaa makosa sita. Pia asinyimwe zamu yake ya kusoma. Kumgeuza kijana mwenye bidii kuwa mwalimu wa bure huku somo lake limesimama ni kumdhulumu.

Hatua ya 3: Daftari la kusikilizwa

Kila mtoto na daftari lake dogo. Mistari minne kwa siku: tarehe, sura na aya, kosa, sahihi ya aliyesikiliza. Kwenye kosa usiandike "hajui". Andika kosa lenyewe: ni herufi, ni madda (kuvuta sauti), au ni kusita kwa kutokufanya muraja'a, yaani kurudia ya nyuma?

Kwa watoto wetu herufi zinazosumbua zinajulikana. Ha ya Al-hamdu inasomwa kama ya "haya". Ayn inamezwa. Qaf ya Al-Falaq inakuwa k. Sad na sin zinakuwa kitu kimoja. Mtoto aliyezoea kusema "dhahabu" na "thamani" sawasawa hapati tabu na dhal na tha, lakini anayesema "zahabu" na "samani" ataleta z na s kwenye msahafu, na huyo anahitaji wiki kadhaa za mazoezi ya ulimi tu. Ustadhi akiliona kosa lilelile kwenye madaftari kumi, tayari ana somo la kesho kwa darasa zima.

Fikihi nayo isikilizwe kwa macho: mtoto achukue udhu bombani ukimtazama. Kutaja nguzo bila kutazamwa akizitenda hakumalizi kazi.

Hatua ya 4: Mudiri azilinde dakika hizo

Uongozi wa madrasa, kwa maoni yangu, ni hili zaidi ya mengine. Ustadhi asikusanye ada. Achaguliwe mtu mwingine, atoe risiti, na hesabu isomwe mbele ya wazazi. Mzazi mwenye jambo aje kabla au baada ya kipindi. Ustadhi akiitwa kwenye maziko, khitma au maulidi, awepo wa kumshikia zamu, ajulikane mapema. Mara moja kwa wiki mudiri akae nyuma ya darasa na madaftari matano mkononi, awasikilize watoto hao watano, kisha azungumze na ustadhi faraghani, kamwe si mbele ya wanafunzi. Na posho itoke kwa wakati. Mwalimu anayekaa akiwaza deni la duka hawezi kutega sikio.

Hatua ya 5: Simu, baada ya hayo yote

Simu moja na spika ndogo zinatosha. Weka kisomo cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, Mmisri aliyerekodi Qur'ani nzima kwa tartili, kisomo cha taratibu, mwaka 1961. Anasoma taratibu, na mtoto anawahi kuisikia kila herufi. Kazi ya pili ni kurekodi: mtoto asome aya tatu, asikie sauti yake, kisha amsikie Sheikh. Wengi hujirekebisha wenyewe kabla hujasema neno. Rekodi nyingine baada ya mwezi, umchezee zote mbili mbele ya mzazi.

Maswali yenu

*Kutoka Tanga: Ustadhi, mimi niko peke yangu na watoto 60, hakuna hata mmoja aliyefika msahafu.*

Maalim wangu, usijaribu kuwasikiliza wote kila siku, utachoka na utaanza kusikiliza nusu sikio. Sikiliza 20 leo, 20 kesho, 20 keshokutwa, wengine waandike ubaoni na kwenye daftari. Wawili wenye ulimi mzuri zaidi uwafundishe kipekee baada ya Swala ya Ijumaa, ndio wasaidizi wako wa mwakani.

*Kutoka Mombasa: Wazazi wanauliza mtoto atahitimu lini. Niwajibu nini?*

Wape hesabu. Msahafu wa chapa ya Madina una kurasa 604. Nusu ukurasa kwa siku, siku tano kwa wiki, ni zaidi ya miaka minne na nusu hata bila likizo. Anayeahidi mwaka mmoja kwa mtoto wa jioni anaahidi kupitisha macho.

*Kutoka Unguja: Wazee wa msikiti wanasema simu darasani ni fitna.*

Wana haki ya kuhofia, sheikh wangu. Simu iwe ya madrasa, bila laini, ikae kwa ustadhi. Wakumbushe pia kwamba mwaka 1932 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti la Al-Islah pale Mombasa ili kuwafikishia Waislamu elimu. Alitumia chombo cha wakati wake. Na sauti au picha za watoto zisirushwe kwenye makundi ya WhatsApp bila ridhaa ya mzazi.

*Kutoka Malindi: Bila bakora hawasikii.*

Ndugu yangu, mtoto anayeogopa hukaza koo, na ayn haitoki kwenye koo lililokazwa. Isitoshe, Katiba ya Kenya ya 2010 inakataza adhabu ya viboko. Watoto wenye kazi mkononi hawapigi kelele. Kelele nyingi hutoka kwa wanaosubiri zamu bila la kufanya.

*Kutoka Dodoma: Ustadhi, wasichana wetu wakifika miaka 13 wanaacha. Tufanyeje?*

Ukhti, tafuteni ustadha, hata kama ndiyo kwanza amehitimu. Wawekeeni Jumamosi asubuhi, maana jioni ndiyo saa wanayoshikwa na kazi za jikoni, na kamati iongee na akina mama kuhusu hilo waziwazi. Ustadha alipwe sawa na ustadhi. Aanze na madaftari yao ya zamani, pale walipoachia.