Somo: Kumsaidia pointi gadi wa chuo anapokumbwa na ukame wa vikapu

Somo hili ni la wazazi, ndugu na makocha wasaidizi wenye kijana anayecheza kikapu katika chuo cha Marekani, hasa anayecheza pointi gadi. Msimu wa vyuo huanza Novemba na kuishia Machi, au mwanzo wa Aprili kwa timu zinazofika mbali. Ukame, yaani kipindi ambacho mitupo yake haiingii, ninaouona sana ni wa Januari na Februari: miguu imechoka, masomo yamerudi kwa kasi, na wapinzani wa kanda yake wameshamsoma kwenye video.

Ninachokishikilia baada ya kufundisha magadi ni hiki: pointi gadi asiyetia bado ana kazi kubwa uwanjani. Anapandisha mpira, anapanga shambulizi, anatoa pasi, anamkaba gadi wa upande wa pili. Tumwachie kazi hiyo aifanye kwa moyo wote, na sisi kwa utulivu tutafute mtupo umepotelea wapi. Tukimfanya mgonjwa wa kushuti, atapoteza na yale aliyokuwa akiyafanya vizuri.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kuliita tatizo

Chukua mchezaji anayetia asilimia 36 ya mitupo ya pointi tatu, ambacho ni kiwango kizuri chuoni. Tuseme anapiga mitano kila mechi. Kwa hesabu ya bahati tu, bila kasoro yoyote mkononi, atakosa yote mitano karibu mara moja katika kila mechi tisa. Msimu una mechi kama 30, kwa hiyo jiandae kwa usiku wa namna hiyo kama mara tatu.

Sasa tazama mechi tano mfululizo, mitupo 25. Tunamtarajia atie 9. Kutia 6 au chini ya hapo hutokea karibu mara moja katika kila vipindi saba vya mechi tano, tena kwa bahati tupu. Akitia 4 au chini ya hapo, hapo bahati peke yake haielezi vizuri, na ndipo tunapoanza kuchunguza. Mzazi akilijua hili kabla, hampigii mtoto simu ya huzuni baada ya mechi mbili mbaya.

Hatua ya 2: Ainisha mitupo aliyokosa

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Tafuta video za mechi, chukua daftari, na kwa kila mtupo uliokosa andika: alikuwa wazi au amebanwa? Alipokea pasi akashuti, au alitoka kwenye dribo? Saa ya sekunde 30, yaani muda ambao timu inapewa kushuti, ilikuwa imebakiza ngapi? Na mpira ulikosea wapi: mbele ya ringi, nyuma, kushoto au kulia?

Swali la saa lina uzito wa pekee kwa pointi gadi. Shambulizi likikwama, mpira hurudi kwake zikiwa zimebaki sekunde nne, naye hulazimika kurusha juu ya mikono ya mtu. Mtupo ule mbaya unaandikwa kwa jina lake wakati kosa ni la watu watano. Itoe kwanza mitupo hiyo kwenye hesabu, halafu uangalie iliyobaki.

Mahali mpira unapokosea panasema mengi. Ringi ina upana wa sentimita 46 hivi na mpira wa wanaume una kama 24, kwa hiyo nafasi ipo, na kosa dogo la mbele au nyuma ni la kawaida. Mitupo ikianza kufupika, hasa kipindi cha pili, shuku miguu na uchovu. Ikiwa inapotea kushoto na kulia, shuku mkono. Mpige picha ya video kutoka nyuma na utazame mishono ya mpira ukiwa hewani. Ikizunguka wima kurudi nyuma, mkono uko sawa. Ikizunguka kimshazari, mara nyingi kidole gumba cha mkono unaoshikilia tu ndicho kinachosukuma.

Halafu angalia mitupo huru. Pale kwenye mstari wa mita 4.6 hakuna mlinzi, hakuna mbio. Kama asilimia yake ya mitupo huru iko pale pale, basi mkono haujaharibika, na jibu litakuwa kwenye uchovu au aina ya mitupo anayochagua. Nayo ikishuka, tazama mwili na mbinu.

Kwa mwaka wa kwanza kuna jambo jingine. Mstari wa pointi tatu wa sekondari za Marekani uko mita 6.02 kutoka kikapuni. Wa vyuo vikubwa uko mita 6.75, kwa wanaume tangu msimu wa 2019 na kwa wanawake tangu 2021. Kijana aliyetoka sekondari ya kule ameongezewa zaidi ya sentimita 70, tena mbele ya walinzi warefu zaidi. Aliyekulia viwanja vya Nairobi, Dar es Salaam au Kigali vinavyofuata vipimo vya FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ameshazoea 6.75, kwa hiyo kwake tafuta sababu nyingine.

Hatua ya 3: Mwili kwanza, kichwa baadaye

Watu huwahi kusema "amepoteza kujiamini". Nawaomba msiseme hivyo kabla mtaalamu wa tiba wa timu hajamwangalia bega, kifundo cha mkono, vidole na magoti. Markelle Fultz alitoka Chuo Kikuu cha Washington akiwa gadi anayetia zaidi ya asilimia 40 ya pointi tatu, akachaguliwa wa kwanza kabisa kuingia NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, mwaka 2017, na mtupo wake ukavurugika mbele ya dunia nzima. Wengi walisema ni kichwa. Desemba 2018 madaktari wakabaini kwamba mishipa ya fahamu kati ya shingo na bega ilikuwa inabanwa. Kijana yule alikuwa amebebeshwa maneno mengi ambayo hakustahili.

Uliza pia usingizi, chakula na mitihani. Timu husafiri, hurudi usiku wa manane, na asubuhi kuna darasa.

Hatua ya 4: Sauti moja tu

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Baba anasema kiwiko, kocha wa zamani anatuma video kuhusu magoti, mjomba kwenye WhatsApp anasema atazame nyuma ya ringi. Kijana akisimama kushuti, kichwani mna baraza zima. Chagueni mtu mmoja wa kuzungumzia mbinu, na awe kocha wa chuo anayemwona kila siku. Wengine wote wazungumze naye mambo mengine. Katikati ya msimu, rekebisheni jambo moja tu, dogo.

Hatua ya 5: Punguza wingi, ongeza uhalisia

Mchezaji aliye kwenye ukame hupenda kujifungia ukumbini na mashine ya kurudisha mipira, akirusha mamia. Sheria za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, zinaweka kikomo cha saa 20 kwa wiki za shughuli za timu wakati wa msimu, lakini mazoezi ya hiari hayahesabiwi, na huko ndiko miguu inakoishia. Mashine nayo humpa pasi ile ile, mahali pale pale, na mechi haina pasi ya namna hiyo.

Zoezi ninalolipenda huchukua kama dakika 25. Aanzie mita moja na nusu kutoka kikapuni, mkono mmoja tu, polepole, mpira usiguse ringi. Halafu arudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mstari wa mitupo huru. Kisha mitupo ya kwenye mechi yake halisi: anakimbia kutoka nusu ya uwanja, anapita kwenye skrini (mwenzake aliyesimama kumzuia mlinzi), anapiga dribo mbili, anasimama, anashuti. Mtu amkimbilie akiwa amenyoosha mkono. Baada ya kila mitano, mitupo huru miwili akiwa anahema. Amalizie na kikapu cha karibu, aondoke. Asikae akisubiri kutia kumi mfululizo ndipo aende kulala.

Hatua ya 6: Ndani ya mechi

Wapinzani wakijua hatii, mlinzi wake atapita chini ya skrini na kumwachia nafasi ya hatua mbili. Akiogopa kushuti, mlinzi huyo anarudi kuziba njia, na wenzake wanne wanakosa pa kupita. Ndiyo maana kuacha kabisa kushuti kunaumiza timu kuliko kukosa.

Kocha mkuu amwambie kwa maneno yaliyo wazi, ana kwa ana: mtupo ukiwa wazi na miguu iko sawa, piga, na sitakutoa kwa sababu umekosa. Ruhusa isiyo wazi haitoshi. Mchezaji anayetazama benchi kila akikosa ameshaanza kukosa mtupo unaofuata. Mapema kwenye mechi apangiwe mpira wa kuingia nao ndani, apate kikapu cha karibu au faulo. Na tathmini yake baada ya mechi ianze na kazi ya pointi gadi: pasi zilizozaa vikapu, mipira aliyopoteza, jinsi alivyomkaba mtu wake.

Hatua ya 7: Simu baada ya mechi

Tangu Mahakama Kuu ya Marekani ilipofungua njia ya kubeti michezo katika majimbo mwaka 2018, wachezaji wa vyuo hupokea matusi kutoka kwa watu waliopoteza pesa juu ya takwimu zao. Mwaka 2024 rais wa NCAA, Charlie Baker, alitaka majimbo yapige marufuku kubeti takwimu za mchezaji mmoja mmoja wa chuo. Msaidie kijana afunge ujumbe kutoka kwa asiowajua, na vitisho vyovyote vipelekwe chuoni siku hiyo hiyo.

Na ikiwa hapati usingizi, hali chakula, amejitenga na wenzake hata nje ya uwanja, hapo suala limevuka kikapu. Vyuo vina washauri wa afya ya akili kwa wanamichezo. Akizungumzia kujidhuru, ndani ya Marekani namba ya kupiga saa yoyote ni 988.

Maswali ya wanachama

Baba wa mchezaji, Dar es Salaam: Kocha, habari za kazi. Mechi zao za saa moja jioni huku kwetu ni saa tisa usiku. Naamka naangalia, ikiisha namtumia ujumbe hapo hapo kumwonyesha alipokosea. Mama yake anasema niache. Nani yuko sahihi?

Nzuri, mzee wangu. Kwa hili nasimama na mama. Kuamka kwako saa tisa kila mechi ni upendo mkubwa, na mwambie kwamba uliangalia. Tuma maneno mafupi: "Nimekuona, mwanangu. Ile pasi ya dakika za mwisho ilinifurahisha. Kapumzike." Taja kitu halisi ulichokiona, ili ajue si salamu ya mazoea. Ya mtupo mwachie kocha wake. Akiuliza mwenyewe, jibu.

Mama wa mchezaji, Minneapolis: Shikamoo kocha. Binti yangu hufunga Ramadhani, na mwaka 2025 mfungo uliangukia Machi, wakati wa mashindano. Mitupo yake yote ilikuwa inaishia mbele ya ringi. Funga ndiyo iliyomharibia?

Marahaba, mama. Mitupo mifupi ni ya miguu, na miguu isiyo na maji na usingizi huchoka mapema, kwa hiyo inawezekana funga ilichangia. Lakini swaumu hupangiwa ratiba. Kabla mwezi haujaandama, akae na kocha, mtaalamu wa tiba na mtaalamu wa lishe wa timu. Mazoezi ya kushuti yasogezwe baada ya futari, daku iwe ya chakula kizito chenye maji ya kutosha, na mazoezi ya mchana yapunguzwe. Mechi ya mchana ndiyo ngumu zaidi, na uamuzi wa siku hiyo ni wake yeye na dini yake. Asilazimishwe na mtu upande wowote.

Kocha msaidizi, Ohio: Gadi wetu ana mtindo mbaya kweli, kiwiko kiko nje. Kwa nini nisimrekebishe sasa hivi?

Kwa sababu mtindo mpya hupita kwanza katika kipindi cha kuwa mbaya zaidi, na kipindi hicho hakitakiwi kiwe Februari. Tena jiulize: kiwiko hicho kilikuwa nje alipokuwa anatia? Kama ndiyo, basi si chanzo cha ukame huu. Subiri msimu uishe, mpe majira ya joto yote. Jason Kidd aliingia NBA mwaka 1994 akitoka chuo cha California, akijulikana kwa pasi na si kwa kushuti. Alipostaafu mwaka 2013 alikuwa wa tatu katika historia ya ligi kwa idadi ya pointi tatu, akiwa na 1,988. Ilikuwa kazi ya miaka.

Mchezaji mwenza, Texas: Mimi nacheza namba tano, yule mrefu wa karibu na kikapu. Tunaishi chumba kimoja na huyo pointi gadi. Nifanye nini bila kumwonea huruma?

Ukiwa ndani umebanwa na yeye yuko wazi nje, mpe mpira, hata kama amekosa minne. Weka skrini imara, umguse kweli mlinzi wake, kwa sababu skrini legevu humwibia gadi nusu sekunde ya kushuti. Ongea naye ulinzi wakati mnarudi nyuma. Chumbani msiangalie takwimu. Pikeni, mwangalie mpira wa miguu, mfanye kazi za darasa. Na akitia ule wa kwanza, msifanye sherehe kubwa benchi nzima kana kwamba amefufuka. Rudini kukaba.

Dada wa mchezaji, Nairobi: Ameanza kusema anataka kuhama chuo. Tumruhusu?

Msimjibu sasa. Mwombeni aliandike jambo hilo na tarehe, mlizungumze msimu ukiisha, akiwa amelala vya kutosha. Wakati huo muulizeni kuhusu kocha, masomo, marafiki na dakika anazocheza. Kama sababu zote anazozitaja zimezaliwa mwezi huu wa ukame, atakwenda nazo huko anakohamia. Kama zilikuwepo tangu Oktoba, msikilizeni kwa makini.