Namna ya Kupata Manowari za Mfano Zilizo Sahihi kwa Vita vya Bandari ya Unguja

Anayetaka kuvicheza mezani, kwa meli ndogo za mfano, vita vya tarehe 27 Agosti 1896 kati ya manowari za Kiingereza na Sultani wa Unguja, vilivyoanza saa tatu na dakika mbili asubuhi na kwisha kabla ya saa nne, hugundua upesi kwamba kuchora bandari na Forodhani si kazi ngumu. Kazi ni kupata meli. Manowari hizo ndogo huagizwa nje, nazo hununuliwa kwa picha, na picha ya muuzaji huficha mengi. Kwa hiyo, kabla hujamtafuta muuzaji yeyote, andika karatasini mambo mawili kwa kila meli: urefu wake halisi, na mwaka unaouchezea.

Urefu ndio unaoifichua skeli, yaani mfano umepunguzwa mara ngapi kutoka meli yenyewe. Wachezaji wa vita vya baharini hutumia zaidi skeli za 1:1200, 1:2400 na 1:3000, na kwa bandari yetu, ambamo meli zilitia nanga karibu karibu mbele ya kasri, mimi napendelea 1:1200. HMS St George, iliyokuwa na Admeri Harry Rawson, ilikuwa na urefu wa mita 118 hivi, kwa hiyo mfano wake uwe na milimita 98. HMS Philomel ya mita 85 iwe na milimita 71. HMS Thrush na HMS Sparrow, zilizokuwa meli za aina moja zenye mita 50 hivi, ziwe na milimita 42 kila moja, na mfano wa aina hiyo ukinunuliwa mara mbili unatosha kwa zote. Mwombe muuzaji picha ya ubavuni na ya juu, rula ikiwa imelazwa kando ya meli. Niliwahi kuletewa meli ndogo ya mizinga yenye milimita 50 badala ya 42, na kila aliyeitazama mezani aliidhani meli kubwa zaidi. Skeli ya 1:1250, ambayo wakusanyaji wa Ulaya huipenda, yavumilika pembeni ya 1:1200, kwani tofauti yake ni milimita nne tu kwa meli kubwa kabisa.

Mwaka nao una mitego yake, na hapa ndipo wengi huteleza. St George ilikuwa ya jamii ya Edgar, yaani kundi la meli zilizojengwa kwa mchoro mmoja, na muuzaji asiyekuwa nayo atakupa nduguye akisema ni mamoja. Si mamoja. Royal Arthur na Crescent zilijengwa zikiwa na sitaha ya omo iliyoinuliwa, na mahali pa mzinga mmoja mkubwa wa omo pakawekwa miwili midogo. Hawke, iliyogongana na meli ya abiria Olympic mwaka 1911, ilitengenezwa upya kwa omo ulionyooka badala ya ule uliochongoka chini ya maji, hivyo mfano wa Hawke ya 1914 haufai hata kidogo kwa vita vya 1896. Edgar yenyewe au Grafton ni badala nzuri.

Glasgow, meli ya Sultani, ndiyo itakayokusumbua. Ilijengwa Uskoti mwaka 1878 kwa ajili ya Sayyid Barghash, ikawa na milingoti mitatu pamoja na injini ya mvuke, na silaha zake zilikuwa mizinga saba midogo na bunduki moja ya Gatling. Sijapata kuiona ikiuzwa kwa jina lake. Tafuta meli ya mvuke na tanga katika mifano ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ambayo hupatikana kwa 1:1200, uchague yenye milimita 53 hivi, kisha upunguze mizinga. Picha za bandari zilizopigwa baada ya vita, zikionyesha milingoti yake ikichomoza majini, zitakusaidia kuipanga. Nami hutengeneza ya pili iliyozama, yenye milingoti peke yake.

Ukitaka kuendelea hadi tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg ilipoivamia alfajiri Pegasus ya Kiingereza iliyokuwa katika matengenezo, pima vivyo hivyo: Pegasus milimita 80, Königsberg milimita 96. Usikubali kupewa Emden badala ya Königsberg, ingawa nayo ina mabomba matatu ya moshi, maana ni ya jamii nyingine iliyo ndefu zaidi. Mwenye shaka juu ya umbo la mizinga avuke hadi Mombasa, kwani Fort Jesus ipo mizinga ya meli zote mbili, aitazame kwa macho yake.

Kuhusu rangi, kijivu ni cha 1914. Kwa 1896 angalia picha ya kila meli, kwani meli za Kiingereza za zama hizo zilipakwa nyeusi au nyeupe kwa kadiri ya kituo zilikopangiwa.

Siku hizi wapo wanaouza michoro ya kuchapwa kwa mashine ya 3D. Faida yake ni kwamba skeli hubadilishwa upendavyo. Hasara yake ni kwamba mchoro uliokusudiwa 1:700 ukipunguzwa hadi 1:2400 hutoa milingoti myembamba kama unywele, nayo hukatika kabla ya kufika mezani. Ing'oe na uweke waya wa shaba, na kwa mifano ya chuma umwombe muuzaji aifunge milingoti peke yake ndani ya kikaratasi.