Theluji ikiguna, geuza
Ukitembea kwenye theluji ukasikia mguno mzito chini ya miguu, kama kitu kimetitia, au ukaona ufa unakimbia mbele yako, usingoje dalili nyingine. Tabaka dhaifu la theluji lililofukiwa chini limeshavunjika, na theluji iliyo juu yake inaweza kuporomoka. Rudi ulikotoka na ukae mbali na miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, ambako maporomoko mengi huanzia, hasa kama jana kulivuma upepo mkali. Hata ukiwa tambarare tazama juu: theluji ya mteremkoni inaweza kuachia kutoka mbali ikakufuata bondeni. Na nyayo za waliotangulia si ushahidi wa lolote. Huenda wao walikanyaga penye theluji nene, wewe ukakanyaga palipo pembamba.