Kabla ya Kukaa Mezani na Mfadhili Mdogo

Ofisa anayekwenda kuonana na ubalozi wa nchi yenye mfuko mdogo (na balozi nyingi bado ziko Dar es Salaam, ingawa Serikali imehamia Dodoma) aahirishe kwanza andiko la mradi na achunguze nchi hiyo inatafuta nini kwetu. Mfadhili mdogo hawezi kushindana kwa wingi wa fedha. Huchagua jambo moja na kukaa nalo, hadi litajwe pamoja na jina la nchi yake.

Pengine huungana na wenzake. Mwaka 1963 Denmark, Finland, Norway na Sweden zilianzisha kwa pamoja kituo cha elimu cha Kibaha, kilichokabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970. Kwa hiyo uliza mapema ni nani mwingine angechangia andiko hilohilo, la sivyo utaandika ripoti nne za kazi moja.

Jambo linalotaka umakini zaidi ni aina ya fedha. Korea Kusini, iliyowahi kuwa mpokeaji, iliunda shirika lake la misaada, KOICA, mwaka 1991 na kuingia katika Kamati ya Misaada ya Maendeleo ya OECD, jumuiya ya nchi zilizoendelea kiuchumi, mwaka 2010. Daraja la Tanzanite la Dar es Salaam, lililofunguliwa mwaka 2022, lilijengwa kwa mkopo wake wa masharti nafuu. Wanaolipita wakikwepa foleni ya daraja la Selander huenda wakaliita msaada, lakini deni lake liko Hazina. Miaka miwili baadaye, jijini Seoul, Tanzania ilikubaliana na Korea juu ya mikopo ya hadi dola bilioni 2.5, na katika ziara hiyohiyo yakazungumzwa madini ya kimkakati. Sioni hila hapo. Mwenzako ana haja yake, nawe unayo yako. Kosa ni kuacha haja hizo zisitajwe mezani.

Ndipo uandike hati ya makubaliano. Ieleze vifaa vitanunuliwa wapi, vipuri vitatoka kwa nani mradi ukiisha, na mafundi wangapi wa hapa watafundishwa. Kwa kuwa maofisa wa ubalozi huhamishwa kila baada ya miaka michache, funga uhusiano na taasisi, chuo kwa chuo au mji kwa mji, kama Dar es Salaam na Hamburg ya Ujerumani zilivyofanya tangu mwaka 2010, na ofisini kwako teua watu wawili wa kuushika, si mmoja.