Uyoga na baridi la Mbeya: usizibe chumba ukadhani umemaliza

Wengi wetu huku juu tukiona mwezi wa sita umeingia na baridi la usiku linang'ata tunaziba kila tundu la banda. Mi nilifanya hivo mwaka wangu wa kwanza, nikapigilia nailoni mpaka kwenye upenyo wa mlango, uyoga ukatoka mashina marefu kama vidole na kofia ndogo kama vifungo vya shati, hakuna aliyeutaka sokoni. Kumbe uyoga unapumua kama sisi, ukikosa hewa safi unarefuka kuitafuta.

Kwa hiyo tenga mambo mawili. Mifuko ya mabua iliyopandwa mbegu ya uyoga karibuni haitaki hewa nyingi wala mwanga, inataka joto, kama nyuzi 20 hadi 28, na hapa ndo unaweza kuisogeza ikaribiane maana mabua yenyewe yanazalisha joto yakianza kuliwa na mbegu. Kipimajoto kiweke katikati ya mifuko, sio ukutani, ikizidi 30 itawanye haraka. Iinue na chaga isikae kwenye sementi, sakafu ya Uyole usiku sio mchezo.

Na jiko la mkaa usiingize ndani kabisa, wala usilale humo na jiko, ile hewa yake haina harufu na inaua watu.

Ukishaona mifuko imekuwa myeupe yote, hamishia chumba cha kuzalia uyoga, hapa sasa unyevu uwe asilimia 80 hadi 90 hivi na hewa iingie. Huna kipima unyevu? Chukua vipimajoto viwili, kimoja kifunge kitambaa chenye maji kwenye ncha, subiri robo saa huku ukikipepea, tofauti ikiwa nyuzi 1 unyevu uko karibu 90, ikiwa 2 uko kama 80 na kitu, ikifika 3 ujue pamekauka, mwagia maji.

Kiangazi ndo kazi, hasa kwa wa Makambako na Iringa kwenye upepo, ukifungua dirisha tu unyevu wote unatoka. Tundika gunia la katani dirishani, lilowe muda wote, upepo ukipita unaingia umelowa. Sakafuni mwaga mchanga uloweshe asubuhi, mchana na jioni, afu nyunyiza ukutani na hewani, sio juu ya uyoga wenyewe, ukituamisha maji kwenye kofia unapata madoa ya kahawia na utelezi. Matundu yawe mengine chini mengine juu, hewa ya moto itapanda itoke yenyewe, feni huhitaji. Fungua zaidi kuanzia saa tano mpaka saa tisa jua likiwa limekolea, usiku bakiza upenyo mdogo tu.

Tukuyu na Rungwe ninyi shida yenu ni kinyume, masika maji hayana pa kwenda, hapo punguza kunyunyiza na ongeza matundu, ukiona ukungu wa kijani kwenye mfuko toa nje siku hiyohiyo.

Dalili za haraka: kofia zinapasuka pembeni ni ukavu, mashina marefu ni kukosa hewa, bati linadondosha matone asubuhi basi weka dari ya magunia au nyasi yameze hayo maji.