Kausha kioo kabla ya kudondosha rangi ya Herzberg

Kwa hewa ya Mtwara na Lindi, kosa kubwa la kutambua nyuzi za karatasi kwa hadubini ni maji. Chemsha kipande cha karatasi kwa dakika chache kwenye soda kali (hidroksidi ya sodiamu) ya asilimia 1 ili gundi na wanga vitoke, suuza vizuri, tikisa hadi nyuzi ziachane, tandaza kiasi kwenye kioo cha hadubini. Hapo subiri: kioo kikauke kabisa, juu ya bati la vuguvugu, ndipo uweke tone 1 la Herzberg, rangi ya iodini na kloridi ya zinki. Pamba huwa nyekundu ya divai, massa ya kemikali (mbao iliyopikwa kwa kemikali) bluu au zambarau, mbao iliyosagwa tu njano. Maji yakibaki, kloridi ya zinki inazimuliwa, rangi zinapauka na kudanganya. Chumvi hiyo hunyonya unyevu hewani, kwa hiyo kizibo kikazwe kila mara; chupa iwe nyeusi, kuzuia mwanga. Mahali inaposhindwa: katani iliyopaushwa na mti uliopaushwa vyote huwa bluu. Tafuta umbo basi: mirija iliyojisokota kama springi ni ya katani, si ya msonobari.