Umezoea Diablo ya kwanza? Namna ya kuanza Diablo II bila kuharibu shujaa wako

Mdogo wangu aliimaliza Diablo ya kwanza mara tatu, kila mara na shujaa tofauti, kisha akaniomba nimwanzishie Diablo II. Nilidhani nitamwonyesha vitufe viwili vitatu halafu nirudi kwenye shughuli zangu. Wikendi nzima ikaishia hapo. Kilichomponza ni mazoea yale yale yaliyomfanya bingwa wa gemu ya kwanza, kwa hiyo nimeandika haya kwa ajili ya mtu kama yeye: unajua kupigana, ila hujui ni nini kimebadilika.

Hatua ya 1: Toleo

Kuna gemu yenyewe ya mwaka 2000, nyongeza yake ya 2001 iitwayo Lord of Destruction, na Resurrected ya 2021 iliyochorwa upya. Chukua Resurrected. Sanduku lake la akiba ni kubwa, na dhahabu huiokota kwa kuipitia tu. Ukitaka kuona sura ya zamani kwenye kompyuta, bonyeza G.

Hatua ya 2: Shujaa

Gemu ya kwanza ilikuwa na mashujaa watatu, na yeyote kati yao, hata yule mpiga panga, aliweza kusoma kitabu cha uchawi na kurusha moto ilimradi akili yake imefika kiwango. Huku vitabu hivyo hamna. Mashujaa walikuwa watano mwaka 2000, nyongeza ikaleta Assassin na Druid wakawa saba. Kila mmoja ana ujuzi 30 uliopangwa kwenye matawi matatu, na huo ndio utakaoishi nao.

Anayeanza nampa Sorceress, mchawi wa moto, barafu na umeme, au Necromancer, anayefufua mifupa impiganie. Barbarian, mpiganaji wa silaha za mkononi, ni mtamu, lakini anategemea sana silaha unazookota, na bahati ya kuokota haina adabu.

Hatua ya 3: Sahau kuhifadhi gemu

Kule ulizoea kuhifadhi mlangoni mwa bosi, ukifa unarudi pale pale. Huku ukitoka, gemu inakumbuka mali, leveli na kazi ulizomaliza, lakini ukirudi unaanzia mjini na majini yote yamefufuka. Kwa hiyo washa kila kituo cha kusafiria unachokiona, hata kama unakimbizwa. Ndiyo, sasa unaweza kukimbia. Angalia tu ule mstari wa pumzi usiishe katikati ya kundi.

Na usimwage vitu chini. Katika Tristram, mji wa gemu ya kwanza, wengi wetu tuligeuza uwanja wa mji kuwa ghala, kwa sababu vitu vilibaki pale pale. Mdogo wangu alipanga pete na fimbo zake karibu na moto wa kambi, safi kabisa, kama mtu anayetandika biashara. Akatoka kwenye gemu kwenda kula. Aliporudi palikuwa na nyasi tu. Tumia sanduku la akiba.

Hatua ya 4: Pointi

Kila leveli inakupa pointi 5 za mwili na 1 ya ujuzi. Za mwili: weka nguvu na wepesi kwa kiasi cha kuvaa unachotaka kuvaa, basi. Zilizobaki zote ziende Vitality, yaani uhai. Energy, inayoongeza nguvu za uchawi, usiiguse. Najua wapo watakaobisha, hasa wachezaji wa Sorceress, lakini chupa za bluu unaweza kunywa, na ukiwa maiti hunywi chochote.

Za ujuzi ni ngumu zaidi. Milango ya ujuzi mpya hufunguka kwenye leveli ya 1, 6, 12, 18, 24 na 30, na kishawishi ni kuonja kila kitu. Mdogo wangu alifika leveli ya 14 akiwa na pointi mojamoja kila mahali: moto kidogo, barafu kidogo, umeme kidogo. Alikuwa na uchawi wa kila rangi na hakuna hata mmoja ulioua. Chagua shambulio moja kuu. Tangu toleo la 1.10, ujuzi mdogo huupa nguvu ule mkubwa wa ukoo wake, kwa hiyo pointi unazotia Fire Bolt mapema bado zitaongeza ukali wa Fire Ball utakapoifikia leveli ya 12.

Ukishaharibu, usifute shujaa. Zamani ilibidi. Tangu toleo la 1.13, ukimaliza kazi ya kwanza kabisa, Den of Evil, Akara, yule mama wa kambi ya mwanzo, anaweza kukurudishia pointi zote uzipange upya, mara moja kwa kila daraja la ugumu. Usiitumie siku hiyo hiyo. Itunze mpaka ujue umekosea wapi.

Hatua ya 5: Lut Gholein, mahali jioni yako itakapopotelea

Andariel, bosi wa sura ya kwanza, hana siri, mpige mpaka aanguke. Tatizo linaanza sura ya pili, ambayo mji wake ni Lut Gholein. Gemu ya kwanza ilikuwa ngazi 16 chini ya kanisa moja: ukipotea, unashuka. Hapa jangwa limetawanyika, vitu vitatu vimefichwa sehemu tatu, na mpangilio wa ramani yako si wa mwenzako, kwa hiyo picha za ramani za watu wengine hazitakufaa. Mimi mara ya kwanza nilikwama hapa karibu saa tano. Fuata hivi.

Kwanza, Halls of the Dead, ambayo mlango wake uko Dry Hills. Shuka mpaka ngazi ya tatu, kwenye kasha lenye Horadric Cube. Hiki ndicho kifaa ninachokipenda kuliko vyote kwenye gemu hii. Nje kinachukua nafasi nne za mkoba, ndani kina kumi na mbili, na ukitia vito vitatu vya aina moja na ubora mmoja kinakupa kimoja bora zaidi. Ukikipata, usikiache mjini tena.

Pili, Maggot Lair, huko Far Oasis, ngazi ya tatu pia. Unafuata fimbo, Staff of Kings. Njia ni nyembamba kiasi kwamba watu wawili hawapishani. Ukiwa Necromancer, mifupa yako itapanga foleni nyuma yako huku wewe ukiliwa peke yako mbele. Hakuna dawa, nenda polepole.

Tatu, jua litapatwa na jangwa lote liwe giza. Si hitilafu ya skrini. Mdogo wangu alikuwa ameshaanza kuongeza mwanga wa kioo. Pita Lost City, ingia Valley of Snakes, kisha Claw Viper Temple, na kwenye ngazi ya pili uvunje madhabahu. Jua litarudi na utapata kidani, Viper Amulet.

Sasa tia fimbo na kidani ndani ya Cube, bonyeza kitufe cha kugeuza. Vitatoka vikiwa kitu kimoja, Horadric Staff. Usiiuze. Nasema hivi kwa sababu.

Hapa ndipo saa zangu tano zilipokwenda: ikulu ilikuwa imefungwa na sikujua kwa nini. Nilirudi jangwani, nikapekua kila shimo upya. Kumbe nilitakiwa kuongea tu. Baada ya jua kurudi, zungumza na Drognan, mchawi wa mjini, halafu nenda kwa Jerhyn, mtawala wa mji. Ndiye anayekuruhusu kuingia ikuluni. Ukikwama popote kwenye gemu hii, zunguka mji mzima na umsalimie kila mtu kabla ya kulaumu gemu.

Chini ya ikulu, kwenye ngazi ya tatu ya stoo, kuna mlango wa mwanga wa kwenda Arcane Sanctuary. Washa kituo hapo mwanzoni, maana kuna njia nne zinazoning'inia hewani na moja tu ina Summoner, mchawi adui, mwishoni mwake. Muue, kisha usome kitabu cha Horazon kilicho pale pale. Usikirukie. Kinafungua njia ya Canyon of the Magi, na kinaandika alama kwenye shajara yako ya kazi.

Alama hiyo ndiyo jibu. Korongo lina makaburi saba, yote jina moja, Tal Rasha's Tomb. Sita si lenyewe. Fungua shajara, tazama umbo lililochorwa, liwe duara, mraba au pembetatu, kisha tafuta mlango wenye umbo hilo hilo juu yake. Mdogo wangu alishaingia mawili kabla sijarudi na chai.

Ndani, tafuta tundu la kuchomeka fimbo. Kabla ya kuichomeka, fungua mlango wa kwenda mjini, nunua chupa za kuyeyusha baridi, kunywa mbili tatu. Duriel, bosi wa sura hii, anakusubiri kwenye chumba kidogo na ubaridi wake unakupunguza mwendo papo hapo. Ukifa na maiti yako ikabaki miguuni pake na vifaa vyote, usirudi uchi kuifuata. Toka kwenye gemu, ingia tena, na utaikuta mjini karibu nawe.

Hatua ya 6: Baada ya hapo

Kurast, mji wa sura ya tatu, ni misitu na kutafuta njia. Izual, adui wa sura ya nne, ana pointi 2 za ujuzi, usimruke.

Ukishamwangusha Baal, bosi wa mwisho, rudi Tristram ile ya zamani. Utaikuta imeungua, na kati ya maiti kuna Wirt, yule mtoto mwenye mguu wa mti aliyekuwa akikutoza dhahabu 50 ili tu uone anachouza. Chukua mguu wake. Ukiwa kwenye kambi ya sura ya kwanza, utie ndani ya Cube pamoja na kitabu cha Town Portal, si karatasi moja bali kitabu, na kiwe cha ziada kwa sababu kitaliwa. Utafunguka mlango mwekundu. Mdogo wangu aliingia bila kuniuliza, na kilio nilichokisikia kutoka chumbani kilikuwa cha ng'ombe.